Mzee Makoye na Thamani ya Nyumba za Watu

Kwa uzito wote unaostahili tukio hili, idara inawatangazia watumishi kwamba kuanzia tarehe mosi Julai kiti chenye mto wa kijani, kile cha dirishani kinachotazama ziwa, hakina mtu. Anayekitaka aombe kwa barua kupitia kwa mkuu wake wa kazi. Waliokwisha kukijaribu wakati wa chai tunawafahamu.

Kiti hicho kimeachwa na Mzee Clementi Makoye, mthamini wa majengo, aliyestaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na mitatu ya kuwaambia watu nyumba zao zina thamani gani, bila kukubaliwa hata mara moja.

Alianzia Bunda, enzi ambazo kodi ya jengo ilifuata thamani yake. Ilibidi mtu aende, avute futi kamba, agonge ukuta, atazame bati, kisha agune. Mzee Makoye aliguna vizuri kuliko mthamini yeyote mkoani Mara. Mwenye nyumba akiusikia mguno ule alianza kutaja magonjwa yake.

Habari ya ujio wake ilikuwa inamtangulia kwa baiskeli, na wananchi walijiandaa. Mageti yalilazwa nyuma ya nyumba, makochi yakaenda kwa jirani. Kijijini Nyamuswa, Mzee Ngolo alifika mbali zaidi: aliingiza ng'ombe wanne sebuleni, akasimama mlangoni kwa unyenyekevu. "Mwanangu, sisi hapa hatunaga nyumba. Hili ni zizi tu." Mzee Makoye alivua viatu, akaingia, akawapita ng'ombe mmoja mmoja kwa adabu, akaandika: zizi la saruji, lina mapazia na kabati la vyombo. Mzee Ngolo alilipa, na inasemekana mmoja wa wale ng'ombe alikataa kutoka.

Rushwa hakula. Sato alikula. Kule Mugango alikaribishwa sato aliyezidi sahani pande zote mbili, akamla mpaka mifupa, akamshukuru mama mwenye nyumba, kisha akapandisha thamani ya jengo. Hoja yake ilikuwa nyepesi: nyumba inayotoa samaki wa namna ile haiwezi kuwa ya maskini. Tangu siku hiyo huko Mugango wathamini hupewa uji.

Halafu serikali ikarahisisha mambo. Kodi ya nyumba ya kawaida ikawa kiwango kimoja, ya ghorofa kiwango kikubwa zaidi, na yote ikahamia kwenye umeme: ukinunua luku, mita inakata kodi ya mwezi kwanza, ndipo inakupa mwanga. Kazi iliyomchosha Mzee Makoye kwa miongo mitatu ikawa inafanywa na kiboksi ukutani ambacho hakijawahi kuomba posho ya safari. Wengine wangekata tamaa. Yeye alihamia kwenye kuelimisha umma, yaani kiti cha kijani.

Umma wenyewe ulikuja mwaka jana kwa sura ya Mwalimu Jeska. Alikuwa amechoka kupanga Bunda, mkopo wake umekubaliwa, na ameiona nyumba inayouzwa huku kwetu Kamunyonge, aliyoipenda mpaka akawa anaiota. Ila mshahara ukishakatwa mkopo ungebaki mwembamba, kwa hiyo alitaka kujua kabla hajasaini: kodi ya ile nyumba itakuwa kiasi gani? Swali la dakika tano. Mzee Makoye alilipokea kama mvuvi aliyekaa bila kazi anavyopokea wavu mpya.

Jumamosi ya kwanza alikwenda kumwona muuzaji, Mzee Burito. Burito alipoona futi kamba alishtuka kwa mazoea ya zamani. "Aah, Mzee Makoye, hiki si kibanda tu? Upepo ukija tunakishikaga kwa mikono." Punde Jeska akaingia getini, na kibanda kikapata nafuu ya ghafla. "Karibu mwalimu! Hii ni ngome. Tofali hizi hata tetemeko linaombaga ruhusa." Mzee Makoye aliandika thamani zote mbili, akajumlisha, akagawa kwa mbili. Huo ndio utaalamu.

Jumamosi ya pili aligundua kwamba nyumba ina mita tatu, kwa kuwa Burito alimfungia kila mpangaji ya kwake. Akamweleza Jeska, kwa usahihi kabisa, kwamba mita tatu kwenye jengo moja zinaweza kukata kodi mara tatu mpaka mwenyewe aende kuomba irekebishwe. Kwamba aulize kama kuna deni la nyuma. Kwamba pango la ardhi, yaani kodi ya kiwanja, ni jambo jingine, lina hati yake na hasira zake. Jeska aliandika yote. "Kwa hiyo mzee, nisaini?" Akaambiwa asiwe na haraka, nyumba si nyanya.

Jumamosi ya tatu likaibuka suala la mwamba. Nyumba ile, kama nyingi za kwetu, imekaa juu ya mawe. Ukiitazama kutoka barabarani ni nyumba ya chini. Ukizunguka nyuma, kuna chumba chini yake wanamolala kuku. Je, ni ghorofa? Kodi nzima ilining'inia hapo, na mkopo wa Jeska nao. Mzee Makoye alishuka, akapanda, akashuka tena. Alisoma sheria. Alimuuliza fundi. Alikaa na wale kuku kwa muda ambao majirani waliona umezidi.

Jumamosi ya nne alitoa uamuzi: si ghorofa, ni msingi uliochangamka. Kodi ni ya nyumba ya kawaida, na mita mbili ziondolewe kwenye makato. Makadirio yalikuwa safi, yamepangwa, hayana kosa. Tuliyapitia wote ofisini tukapiga makofi.

Isipokuwa Jumanne ya wiki ile ile alipita Paschal, mfanyabiashara wa dagaa, akauliza kama maji yanatoka, akaambiwa yanatoka, akainunua nyumba.

Mzee Makoye, tunakushukuru kwa uaminifu wako, kwa mguno wako, na kwa subira uliyotufundisha hata pale ambapo haikuhitajika. Nenda ukapumzike na mama Sara na wajukuu, ule sato usiowajibika kumthamini, na afya ikuandame popote utakapokuwa.

Mwalimu Jeska bado amepanga Bunda, na kodi ya jengo la mwenye nyumba wake inakatwa kila mwezi kwenye umeme anaonunua yeye.