Corinne Hovland na Siku Alizopewa

Mchungaji, shemeji Duane, watoto, majirani, na ninyi nyote wa karakana ya kaunti, mimi ni Solveig, dada mkubwa wa marehemu, nimetoka Randers, Denmark, ninakoishi tangu mwaka 1981, na familia imeniomba nisome maisha ya mdogo wangu, nami nitasoma polepole, mnivumilie.

Corinne Ardis Tollefsrud alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1962 hapa Nordby, Minnesota, mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Orville na Hazel Tollefsrud, akabatizwa katika kanisa hili siku ya Pasaka, tarehe 22 Aprili mwaka huo huo, na mimi, niliyekuwa na miaka mitatu, nililia ibada nzima kwa sababu kila mtu alikuwa akimtazama yeye. Naanza na hilo kwa kuwa nimemwomba Mungu anisaidie kusema kweli mbele ya jeneza lake, na kweli ni kwamba mimi na Corinne tulioneana wivu tangu siku ile hadi wiki iliyopita.

Alisoma hapa hapa Nordby kuanzia 1968 hadi 1980, akapata kipaimara tarehe 15 Mei 1977, akauza dukani kwa miaka minne, na tarehe 5 Novemba 1984 akaajiriwa na idara ya barabara ya kaunti kuendesha gari la kusukuma theluji, mwanamke wa kwanza katika karakana ile, kazi aliyoifanya hadi mwili ulipokataa. Mimi nilikuwa nimeolewa na Jens kule Denmark, nikihudumia wazee majumbani kwa mshahara wa manispaa, na kila Jumapili baada ya ibada tulipigiana simu, tukasalimiana vizuri, kisha tukaanza kuchokozana.

Alifunga ndoa na Duane Hovland, fundi wa matrekta, tarehe 18 Juni 1983, wakabarikiwa kuwapata Karla, tarehe 9 Februari 1986, na Neil, tarehe 30 Agosti 1989. Karla alipozaliwa, Corinne alipewa wiki sita bila mshahara, na mimi mwaka huo huo nilijifungua Mikkel, nikakaa naye nyumbani miezi mitano nikilipwa, basi akanipigia simu kutoka karakana akasema, "Dada, mimi niko kazini maziwa yananivuja hadi kwenye shati, na wewe bado umelala na mtoto kama malkia." Sikumwonea huruma, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba mara hii yeye ndiye anayetamani cha kwangu.

Lakini naye alikuwa na vyake, maana alijenga nyumba yenye gereji kubwa kuliko fleti yangu, akanunua boti ya ziwani, na kila nilipolalamikia kodi alicheka, "Wewe hukuolewa na Jens, umeolewa na serikali, inakuchukulia karibu nusu ya mshahara halafu inakupandisha baiskeli kwenye mvua." Nami nilimjibu, "Mume wangu huyo hunipa wiki sita za likizo, wa kwako je?" akasema, "Wangu hunipa mbili, na mojawapo nimeshaitumia kuugua mafua."

Tarehe 7 Oktoba 2022 madaktari walimwambia ana saratani ya kongosho, na hapo utani ukaisha. Duane hujiajiri mwenyewe, bima ya afya ya nyumba nzima ilitoka kwenye kazi ya Corinne, na siku zake za ugonjwa na za likizo zikiisha, kazi ingeweza kuisha, na kazi ikiisha, bima nayo ingeondoka katikati ya matibabu. Nilimwambia aje kwangu, ambako mtu huingia hospitali akatoka bila kuulizwa kitu mlangoni, akanijibu, "Nije kama nani, Dada? Hiyo ni ya watu wenu. Mimi sijalipia hata msumari huko."

Siku zake ziliisha tarehe 20 Januari 2023, na asubuhi hiyo msimamizi Wendell Askegaard alibandika karatasi juu ya mashine ya kahawa, kwamba anayetaka kumpa Corinne siku ya likizo yake mwenyewe aandike jina. Waliandika watu arobaini na mmoja. Gary Lindquist alitoa siku zake zote za msimu wa kuwinda paa, na anayewajua wanaume wa hapa anajua maana yake, na Bev wa ofisini, ambaye yeye na Corinne hawakusemezana tangu 2009 kwa sababu ya mahali pa kuegesha gari, alitoa tano, akamwambia, "Usinishukuru, bado unaegesha vibaya."

Nilipokuja mwezi Julai niliiona karatasi ile, na wivu ulionishika haukuwa mdogo. Mwaka 2015 nilivunjika nyonga, nikalipwa miezi yote, nikafanyiwa upasuaji, nikarudi kazini, na simjui hata mtu mmoja aliyenilipia, wenzangu walinitumia kadi, basi. Nilimwambia Corinne, akiwa kitandani, kwamba mimi sijawahi kupendwa hivyo, akanikazia macho. "Umechanganyikiwa? Tubadilishane hata sasa hivi. Wewe hukuhitaji kupendwa ndipo utibiwe." Kisha akanieleza habari za Leland, dereva mwenzake mwenye ulimi mkali, aliyeugua figo mwaka 2018, karatasi yake ikakaa wiki tatu ikiwa na majina mawili, akapoteza kazi, na akasema, "Jina langu halikuwamo, Dada. Nilikuwa na siku kumi na nane." Alilia, tukasali pamoja, na hatukuzungumza tena nani amepata zaidi.

Mdogo wangu alilala usingizi wa mwisho nyumbani kwake Alhamisi tarehe 8 Februari 2024, saa kumi na dakika ishirini alasiri, akiwa na miaka sitini na moja, bado mwajiriwa wa kaunti, bima yake ikiwa hai, na siku tisa zikiwa zimebaki. Kwa kanuni siku hizo huwarudia waliozitoa, lakini aliniagiza niwaombe ninyi arobaini na mmoja mziache kwa atakayeugua baadaye, hasa yule asiyependwa, asiyeletewa hata keki na mtu, na jana Wendell aliniambia mmekubali wote, na Bev amesema, "Hata akiegesha vibaya."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolisha nyumba hii kwa miezi kumi na sita, kina mama wa kanisa mliotuandalia kahawa na chakula kule ukumbini chini ya kanisa, na watu wa karakana, ambao nimewataja kwa wivu na sasa nawataja kwa heshima. Nawashukuru pia watu wa Denmark, wasionijua wala kumjua Corinne, kwa sababu wiki sita za mwisho nilizokaa kando ya kitanda chake zililipwa na wao, kwa kodi zao.

Corinne, mdogo wangu, sasa una likizo ambayo hakuna atakayekuhesabia. Pumzika kwa amani ya Bwana.