Veridiana Stefano, Aliyejipamba Kumwona Daktari

Ndugu waombolezaji, mama tunayemsindikiza leo, Veridiana Stefano, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Gervas, alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 katika kijiji cha Chilangala, wilaya ya Newala, akasoma shule ya msingi hapo hapo kijijini hadi darasa la saba mwaka 1983, kisha akashika jembe katika mikorosho ya baba yake.

Tarehe 20 Agosti 1988 alifunga ndoa na Nikolao, akahamia hapa Nanganga, wakajaliwa watoto wawili, Gervas na Emmanuel, na mume alipotangulia mwaka 2011 aliwalea kwa korosho na kwa vitumbua alivyouza asubuhi pale barabarani.

Mwaka 2019 aligundulika kuwa na vidonda vya utumbo mpana, ugonjwa usiopona bali hutulizwa, na kwa kuwa safari za Dar es Salaam zilimchosha, kuanzia Februari 2022 daktari wake wa huko alimhudumia kila mwezi kwa simu ya video, na mkwe wake Dorika, mke wa Gervas, ndiye aliyemshikia simu. Siku ya daktari Mama alioga, akapaka mafuta, akavaa kitenge cha kanisani, jirani yake Rahima akamtania kuwa anangoja posa, naye akamjibu kwamba daktari hapokelewi kwa uso wa kitandani.

Jumamosi tarehe 7 Juni 2025 alijipamba vivyo hivyo, daktari akamuuliza habari za choo na damu, Mama akasema anamshukuru Mungu, hajambo kabisa, daktari akafurahi, Dorika akarudi jikoni roho imetulia. Jumatatu alfajiri Mama alianguka uani, akakimbizwa hospitali Masasi, akafariki saa nne asubuhi, na hata sasa tunaposoma haya tunaona kama anasomwa mtu mwingine.

Tuliambiwa utumbo ulikuwa umetoboka, na kwamba damu ilikuwa ikimtoka kwa wiki kadhaa, ndipo Dorika alipokumbuka kuwa siku hizo Mama alikuwa hataki kufuliwa khanga zake, akizifua mwenyewe kabla hakujapambazuka. Daktari yule ni rika la Emmanuel, na mambo ya choo mtu mzima hayasemi mbele ya mtoto, tena mkwe akiwa ndiye ameshika simu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Masasi, daktari wa Dar es Salaam aliyepiga simu jana kutupa pole, majirani, na akina mama wenzake wa vitumbua. Familia ina ombi moja tu, ukimfungulia mzee simu ya daktari, mpe mkononi, kisha toka nje.

Mama, tumekuvika kitenge kile kile, pumzika kwa amani.