Ladislas Kisimba, Mchongaji wa Jiwe la Kijani (1961–2014)

Ladislas Kisimba alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 mjini Likasi, siku zile ukiitwa Jadotville. Mimi Térence, ninayewasomea, ni mdogo wake. Alisoma shule ya misheni hadi 1975, baba alipofariki. Akaacha daftari, akashika tupa.

Miaka ishirini na saba alichonga malakiti, lile jiwe la kijani la kwetu: tembo, mamba, kobe. Alilisaga kavu, vumbi likiruka, kama mafundi wote. Alikuwa akirudi nyumbani na kope za kijani, nasi tukicheka. Tulicheka, ndugu zangu.

Tarehe 20 Agosti 1988 alimuoa Clementina, wakajaliwa binti mmoja, Epiphanie. Mwaka 2002 walihamia Durban, Afrika Kusini, wakapanga chumba mtaa wa Point, naye akalinda magari barabarani.

Mwaka 2009 Mama Lin, mwenye duka la vitu vya kale mjini, alimwajiri kusafisha wanyama wa kale wa Kichina wa jiwe la jade: simbamarara aliyelala, nguruwe, nyenje wa kuwekwa ulimini mwa maiti. Alipowasimulia wenzake kanisani, mzee Yeremia, Mtanzania wetu, alisikia “jadi”, akamwombea atolewe kwenye mizimu. Kaka akaitikia amina, kesho yake akaenda kazini.

Mwaka 2011 alianza kukohoa. Daktari akasema mapafu yamejaa vumbi la jiwe, hayatapona. Ndipo alipomuuliza Mama Lin wazee wale wa Kichina walikata vipi jiwe gumu vile. Akajibiwa: hawakulikata, walilisugua kwa mchanga na maji, miezi na miezi. Alirudi nyumbani akakaa kitandani, akalia.

“Maji, Clementina. Maji tu! Vumbi lisingeruka. Na bomba lilikuwa pale pale Likasi, mlangoni pa karakana.”

Tangu utotoni Epiphanie alimwomba amfundishe, naye alikataa: “Jiwe linakula watu, maman,” alivyozoea kumwita binti yake. Sasa alimwita mwenyewe, akaweka beseni la maji katikati yao.

“Eish, Papa, limeloa tayari!”

“Limeloa wapi? Mwaga ingine.”

Hata sauti ilipokwisha, alionyesha beseni kwa kidole.

Alifariki hospitalini Ijumaa, tarehe 6 Juni 2014, saa nne asubuhi, akitafuta pumzi, mkono wake ndani ya mkono wa binti yake.

Ameacha mjane, Clementina. Binti, Epiphanie, ambaye leo ni fundi, na kifua chake ni kizima. Na mimi mdogo wake.

Apumzike kwa amani. Na huko aliko, apumue.