Darasa la Saumu

Sogeeni wanangu, mkae chini, na anayetaka kulia akalilie jikoni, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kusemea, si ya kubembelezea watu wazima. Hashimu, weka hiyo simu, wateja wako wa Dar watakungoja. Nassoro, kitinda mimba wangu, nikalishe kidogo. Hivyo hivyo.

Shamba la bondeni, lile la mfereji, nawaachia nyinyi wanaume wawili, na mpaka ni ule mstari wa masale aliopanda marehemu baba yenu. Atakayeusogeza hata kwa unyayo mmoja, sina radhi naye. Nyumba hii, iliyopakana na shule, ni ya Saumu. Usikunje uso, Hashimu. Najua umeshaitafutia mnunuzi, na najua umemwambia dada yako aache kazi muhula huu ukiisha akakuuzie mboga mjini, kwa kuwa kufundisha watoto wa huku, kwa maneno yako, ni kumpigia mbuzi gitaa. Mwamba ngoma huvutia kwake. Naye amekuitikia, nimemsikia, kwa sauti ya mtu anayekubali sindano.

Saumu, sikulaumu. Watoto wamekujazia darasa mpaka mlangoni, na mzazi akija shuleni anakuja kugomba. Mimi nami nilishika chaki hapo hapo nikiwa nimetoka darasa la saba tu, miaka ile walimu walipokuwa hawatoshi serikali ikatuchukua sisi tuliomaliza shule ya msingi, na mwalimu mkuu Clemence akawa ananiita mbele ya wanafunzi "mwalimu wa kuokotwa." Alipokufa nilikwenda msibani, nikapika, nikaosha masufuria yao, kwa mdomo nimemsamehe, na moyo bado tunajadiliana. Lakini asubuhi za Julai, ukungu ulipoingia darasani kwa madirisha yasiyo na vioo hata ubao usionekane, niliacha kuandika nikawaambia kila mtoto ataje jina lake nijue nani yumo, na majina yakawa yanakuja moja moja kutoka kwenye ule weupe, mpaka siku moja likaja la Yusta, binti wa Yohane seremala, ambaye tangu Januari hakuwahi kufungua kinywa mbele yetu. Kumbe mtoto alikuwa anaogopa kutazamwa. Hakuna aliyenipigia makofi. Nilirudi nyumbani nimelowa chapachapa, nikainjika ndizi motoni, nikajikuta naimba kama mwendawazimu.

Na jana, mwanangu, ulipokuwa jikoni na wifi yako Mwanaheri, mlidhani nimelala. Ulikuwa unamsimulia habari ya yule Paskali wa darasa la pili, uliyemuuliza mama akipeleka gulioni kabichi kumi akauza nne zinabaki ngapi, naye akasimama akasema, "Hazibaki, mwalimu. Lori la kushuka Mombo likipiga honi, mama anazitoa zote kwa bei ya kutupa." Ukamwambia, "Paskali, nataka jibu la hesabu." Akakujibu, "Basi mwalimu, njoo umsaidie kupandisha hizo sita mlimani." Ulicheka mpaka ukamwaga chai, Mwanaheri akakusonya. Halafu ukasema utalifanya darasa zima gulio, wauze, wanunue, wapigane bei, hesabu iingie yenyewe. Hashimu, umesikia? Mtu aliyeichoka kazi yake hapangi ya kesho.

Sikulazimishi, Saumu. Ukienda mjini, nenda, radhi zangu utakwenda nazo. Ila usiende kwa sababu kaka yako ana sauti kubwa, wala usibaki kwa sababu mama yako alikuwa anakufa. Na nyumba, Hashimu, haiuzwi mpaka mdomo wa Saumu wenyewe useme.

Nikiondoka, nizikeni siku hiyo hiyo, ubavuni kwa baba yenu. Msimsimamishe mtu wa kunisifu. Wanaotaka kusema uongo wausemee njiani. Blanketi la bluu apewe Mwanaheri, amenifulia miezi yote hii bila kununa, au alinuna nisione. Shule isifungwe kwa ajili yangu hata saa moja.

Maji... Ahsante, mwanangu. Mola awazidishie, awape... awape kuvumiliana, maana akili mnazo, ni subira ndiyo hamkurithi kwangu.

Kengele hiyo. Saumu, umesimama... na chaki umeshika. Sijakutuma mimi, mashahidi hawa hapa. Usinitazame hivyo, nilishazaa, nilishalea, na kufa nitakujua mwenyewe. Wako uwanjani wanakusubiri.

Hashimu, uko mlangoni... mpishe dada yako.

Basi. Radhi zangu... kwenu wote, hata wewe Hashimu, mghosi, bwana mkubwa, na kelele zako. Nassoro, inama hapa sikioni... nitamkie shahada... polepole, baba... nikufuate.