Waigiza Majeruhi wa Handaki la Skarvsund

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Ragnfrid Tveito, Mkurugenzi wa Barabara wa jimbo letu. Wakuu wa zimamoto. Majirani wa pande zote mbili za mlangobahari:

Makaribisho

Karibu Skarvsund siku hii ambayo handaki letu la chini ya bahari linafunguliwa upya. Pole kwa upepo. Tulikuandalia ukumbi, ukapenda kusimama hapa mlangoni, nasi tumefurahi, maana hapa ndipo kazi yetu ilipo.

Sisi ni nani

Sisi si zimamoto wala wauguzi. Ni wafugaji, wastaafu, mwalimu mmoja wa muziki na muuza rangi. Kila vuli handaki linapofungwa kwa zoezi la dharura, sisi huingia mapema, tukapakwa damu ya bandia, tukaketi garini ndani ya moshi usiodhuru na kungoja kuokolewa. Kuna anayevunjika mguu, kuna anayezimia. Baadaye tunakunywa supu ya kondoo na kabichi pamoja na waliotuokoa, damu ingali usoni.

Mwenzetu Borghild Aasen, mshonaji mstaafu, miaka yote alipewa nafasi moja: mwanamke anayegoma kutoka garini. Tulimtania sana. "Borghild, leo utatoka, au tukuletee chakula humo humo?" Naye hujibu, "Leteni, na chumvi msisahau."

Mwaka mmoja Kjetil Nygjerd wa zimamoto alimbembeleza, akamfokea mpaka sauti ikamkauka, mwisho akambeba. Walipoketi mezani akamuuliza ni neno gani lingemtoa. Borghild aliweka kijiko chini akafikiri.

"Ukiniambia nitakufa, ndiyo kwanza naushika usukani," alisema. "Labda ungeniomba msaada."

Yaliyotupata

Machi iliyopita lori la samaki lilishika moto kwenye mwinuko wa barabara, ndani kabisa. Waliokuwa nyuma waligeuza magari wakawahi kutoka. Borghild naye alikuwa akivuka siku hiyo, na nyuma ya gari lake alikuwa Tormod Lien, mfugaji, amemchukua kondoo dume wake kwenye trela, mnyama aliyemlea kwa chupa tangu kondoo mama alipokufa. Tormod alipojaribu kugeuza, trela likabana ukutani, mlango wa trela ukawa haufunguki, na njia ikazibika. Moshi ukawafunika wote wawili.

Tormod mwenyewe ameturuhusu tuseme kwamba hakutaka kutoka. Borghild aligonga kioo, akamweleza kwamba wafuate ukuta kwa miguu. Akajibiwa kwamba mnyama analia na hamwachi.

"Tangulia, mama. Mimi nipo hapa."

Borghild hakumtajia kifo. Alisema, "Sioni njia, Tormod. Na magoti yangu hayatanifikisha peke yangu. Nipeleke nje, kisha urudi."

Wote wawili walijua kwamba hakuna kurudi. Tormod akafungua mlango wa gari. Walitembea mkono mmoja ukutani, mwingine wameshikana, wakikohoa hadi walipokutana na taa ya Kjetil. Dereva wa lori alitokea upande wa pili. Hakuna mtu aliyekufa. Kondoo alikufa.

Changamoto

Mgeni rasmi, tumesikia kwamba mazoezi ya humu ndani yatakoma, na zimamoto watajifunzia kwenye kompyuta. Tunajua kulifunga handaki ni kero. Samaki huchelewa sokoni, wazazi hukwama ng'ambo, na tunaotukanwa kwenye foleni ni sisi. Hatumlaumu aliyetoa wazo hilo. Ila mtu wa kwenye kompyuta hana kondoo. Hagomi kwa sababu anampenda mtu au kitu kilichobaki nyuma. Na madereva wengi bado watakaa garini, kwa kuwa ndani kuna joto na redio inaimba, na nje ni giza.

Maombi

Tunaomba zoezi la vuli liendelee, na madereva wa kawaida waalikwe, wajue ukuta ulivyo mkononi wakati macho hayaoni. Tunaomba pia reli ya kushika yenye mwanga, iwe chini, kwa wanaotambaa.

Ombi la mwisho si la kikundi, ila mwenyewe amekubali tulisome. Tangu handaki lilipofungwa Machi sote tumevuka kwa kivuko, na Borghild alikuwa na sababu ya kutoingia handakini kama sisi wengine. Leo kivuko kinaondolewa. Binti yake na wajukuu wako upande wa pili. Utepe ukishakatwa, atafuata nyuma ya magari yako kwa gari lake mwenyewe, Tormod akiwa kando yake. Hataki makofi wala kupigwa picha. Anaomba tu msafara wako usiende kasi.

Mungu akulinde uwapo juu ya nchi na upitapo chini ya bahari, na awalinde wote watakaopita humu wasijue majina yetu.

Ni sisi,
Waigiza Majeruhi wa Skarvsund