Chukua Iliyo Kubwa

Benchi letu liko nje ya banda la kinyozi, ng'ambo ya geti la hospitali, na siku hiyo hakuna aliyenyolewa. Kinyozi mwenyewe alikuwa kakaa nasi na kikombe cha kahawa ambacho hakukigusa. Mkewe yuko wodini, hajitambui tangu jana usiku. Walimdunga sindano ya kushusha sukari wakati sukari yenyewe imeshashuka. Tulikuwa watatu wa kumliwaza, na hakuna mwenye kipaji hicho: mimi, fundi viatu tunayemwita Profesa kwa kuwa hajawahi kukiri kwamba kuna kitu hakijui, na Mistari, kijana wa kompyuta wa hapo hospitalini.

— Nesi alikuwa na usingizi, akaanza Profesa.

— Nesi alisoma karatasi, mzee, akajibu Kinyozi. Nimeiona. Imeandikwa sukari iko juu.

— Basi mashine ya kupimia ni feki.

— Mashine ni nzima. Alipimwa asubuhi, ikawa juu. Akapimwa jioni, ikawa chini kabisa. Nilikuwepo.

— Basi mjue moja. Hizi kompyuta zinaletwa zikiwa zimeshaamua nani aende. Majina yamo humo humo ndani!

— Profesa, hebu tupumzishe, nikamwambia.

Mistari alikuwa kainama, anatazama viatu vyake.

— Ile karatasi niliitengeneza mimi, akasema.

— Wewe? Kinyozi akamgeukia.

— Zamani kila kipimo kilikuwa na mstari wake: jina, kipimo, jibu. Mgonjwa mmoja, msururu wa mistari. Madaktari wakalalamika. Wakataka kila mgonjwa awe na mstari mmoja tu, na vipimo viwe safu: sukari, presha, damu. Nikaandika amri kwa SQL, lugha ya kuiagiza kompyuta ipange taarifa, nikageuza mistari ikawa safu.

— Si jambo zuri hilo? nikauliza.

— Zuri. Walinipigia makofi.

— Sasa?

— Safu ya sukari ina nafasi moja kwa kila mtu. Zikija namba mbili, lazima uwe umeiambia kompyuta ichukue ipi. Bila hivyo haikubali hata kuanza.

— Ukaiambia ichukue ipi, mdogo wangu? akauliza Kinyozi.

— Iliyo kubwa.

— Kwa nini kubwa?

— Ndivyo wote tunavyoandika, kaka. Mazoea. Nilipoijaribu, kila mgonjwa alikuwa amepimwa mara moja, kwa hiyo kubwa na ndogo zilikuwa ile ile. Ningeweza kuiambia ichukue ya mwisho. Ni maneno machache tu zaidi. Sikufikiria. Hata jana sikufikiria, ndiyo kwanza inanijia hapa mnavyobishana.

Mimi nilimhurumia yule kijana, na papo hapo nilitamani kumzaba kofi. Yote mawili, sifichi.

— Kwa hiyo mke wangu anakufa kwa mazoea, akasema Kinyozi.

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Ndipo shemeji yake, dada mdogo wa mgonjwa, akatoka getini na kuvuka barabara kuja kwetu, macho mekundu.

— Hajaamka, akasema kabla hatujauliza.

Kinyozi akamweleza kwa maneno mafupi: namba mbili, nafasi moja, kompyuta ikabeba kubwa. Alisikiliza akiwa kasimama. Nilidhani atalia au atatukana. Akamtazama Mistari.

— Kaka, karatasi ya leo, ya wagonjwa wote, imeshapelekwa wodini?

Mistari akatazama saa yake, kisha geti, kisha saa tena. Kinyozi akamshika ukosi wa shati, akamwinua, na wakavuka barabara mbio wote wawili bila kutazama magari. Sisi tulibaki benchini na yule dada, nikamsogezea nafasi akae.