Gari la Wagonjwa Lililonyweshwa Mafuta ya Taa: Risala ya Mafundi wa Spana Moja

Mgeni rasmi, Daktari, mganga mkuu wa kituo chetu cha afya. Wauguzi mliofuatana naye. Madereva, majirani na wateja wetu:

Tumefagia uwanja tangu asubuhi na bado unanuka oili. Utusamehe, harufu hii haitoki kwa ufagio. Kiti ulichokalia tumekiazima kwa fundi cherehani wa jirani, maana vya kwetu huacha alama kwenye nguo, na koti lako ni jeupe. Karibu sana. Kwenye ratiba leo ni siku ya kukabidhi gari. Kwetu sisi ni siku ya kushukuru, na tunaomba utuvumilie, kwa sababu tuna mengi ya kushukuru, na lipo ombi moja ambalo ni zito kidogo kulitamka.

TULIKOTOKA

Umoja wetu unaitwa Spana Moja kwa sababu tulianza na spana moja nzuri iliyozunguka uwanja mzima. Aliyeihitaji alipiga mluzi, aliyekuwa nayo akairusha. Mwenyekiti wetu, ambaye wote tunamwita Mzee Kimya kwa kuwa hajawahi kunyamaza, anasema kovu la kwenye paji lake la uso ni la enzi hizo. Leo kila fundi ana sanduku lake la vifaa, tuna paa la mabati, na tuna ule ukuta.

Ukuta huo, mgeni rasmi, uko mkono wako wa kushoto. Tunauita Ukuta wa Dawa. Kila injini iliyofika hapa ikiwa imeuawa na tiba ya nyumbani imeacha kipande chake pale, kimening'inia kwenye msumari, na chini yake kibao kinachosema ilinyweshwa nini. Kipo cha sabuni ya vyombo. Mwenyewe alituambia kwamba sabuni inayong'arisha sufuria haiwezi kushindwa na injini. Oili yake ilitoka na povu, nyeupe kama uji. Kipo cha petroli, kipo cha siki. Vibao havikuwa vikitaja mtu, maana watu huona aibu. Wateja wakifika huanza kwa kuucheka ukuta, kisha husogea kusoma, kisha huuliza kwa sauti ya chini, "Na ya dizeli je?"

KILICHOLIPATA GARI LA WAGONJWA

Dereva wa gari hili tunamwita Taratibu. Wagonjwa ndio waliompa jina hilo, kwa jinsi anavyoyakwepa mashimo kama aliyepakia mayai. Gari alilijua kwa masikio. Kila asubuhi alilisikiliza kwanza, ndipo akasalimiana na walinzi.

Ikafika wakati akasikia linahema. Lilikuwa la safari fupi fupi, likiachwa linaunguruma mlangoni huku mgonjwa akisubiriwa, na siku ya kumwaga oili ilikuwa inasogezwa mbele. Tunajua kwa nini ilisogezwa. Dawa za watoto zilitangulia, na hata sisi tungezitanguliza. Lakini oili iliyochoka haielewi sababu. Iliganda ndani, ikawa tope jeusi zito kama masizi yaliyokandwa na grisi, ikajishikiza kila pembe ya injini.

Taratibu alipofungua kifuniko cha kutilia oili na kuliona tope lile, alikifunga tena upesi. Aliogopa kwamba akisema, gari litaegeshwa na wagonjwa watakosa usafiri. Akamnong'oneza shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu mwenye jibu la kila kitu.

"Hiyo imebanwa kifua tu, shemeji," aliambiwa. "Itilie mafuta ya taa, iache iungurume kidogo, halafu mwaga. Itakohoa uchafu wote."

"Wewe umeshawahi kufanya?"

"Mimi nina baiskeli. Lakini nimesikia kwa watu wazima."

Akafanya hivyo nyuma ya kituo, peke yake, kwa huruma ileile ya mtu anayemkanda mtoto mwenye homa. Kilichomwagika kilikuwa cheusi tii, akafurahi. Akatia oili mpya. Injini ikatulia, ikawa kama inanong'ona, na kwa siku chache Taratibu alitembea kifua mbele.

Asichokiona ni hiki. Mafuta ya taa hayakuliyeyusha tope lote. Yalilibandua vipande vipande. Vipande hivyo vilishuka hadi kwenye bakuli la oili chini ya injini, vikavutwa na pampu, vikaziba chujio lake. Na mafuta ya taa yaliyosalia ndani yaliifanya oili mpya kuwa nyepesi kama maji. Huko juu vyuma vikazunguka vikavu, vikaanza kulana.

Taa nyekundu ya oili iliwaka gari likiwa njiani kutoka zahanati ya mbali, na ndani yumo mama mwenye uchungu wa kuzaa, na muuguzi mmoja. Taratibu alizima palepale, ila injini ilikuwa imeshaanza kugonga, na haikuwaka tena. Alisimama katikati ya barabara, mikono juu, mpaka pikapu ya muuza magodoro iliposimama.

"Haya magodoro ni ya mteja," mwenye pikapu alisema.

"Mteja wako atalala kesho, kaka. Huyu anazaa leo."

Mama alilazwa juu ya godoro jipya likiwa bado kwenye nailoni yake, muuguzi upande mmoja, na upande wa pili Taratibu amepiga magoti, ameinua chupa ya dripu, na hakuishusha mpaka mlango wa wodi. Mtoto alizaliwa salama. Majirani wanamwita Godoro, na tunasikia ananyonya vizuri.

Siku hiyohiyo Taratibu alikuja ofisini kwako akakueleza yote kabla hujamuuliza. Ulimwambia akabidhi funguo, akae nyumbani hadi utakapomwita. Hatulalamikii uamuzi huo. Ulikuwa na mama aliyeponea chupuchupu na kituo kisicho na gari.

TUNAYOKUSHUKURU

Walikuwapo waliosema gari livutwe hadi karakana kubwa, na waliosema liuzwe chuma chakavu. Wewe ulisema, "Lipelekeni hapo jirani, nitakuja mwenyewe kuona." Na ukaja. Ulikaa juu ya tairi, na tulipolishusha bakuli la oili uliingiza kidole ndani ya tope, ukakitazama kwa muda, ukasema mishipa ya watu huziba hivyohivyo.

Kisha ukatuambia jambo ambalo Mzee Kimya amelirudia hapa mpaka tumelikariri. Ulisema wagonjwa wengi hukufikia wakiwa wameshakunywa kitu walichoelekezwa na jirani, na kwamba ukiwafokea, safari nyingine watakunywa na kukuficha. "Mimi huwatibu kwanza," ulisema. "Halafu nawauliza wamekunywa nini. Halafu nawafundisha."

Tunakushukuru kwa maneno hayo kuliko kwa kazi uliyotupa. Zamani tulikuwa tunawacheka wateja. Sasa anayetuambia ukweli tunampa kiti, na tunamweleza njia iliyo salama, ambayo haina uchawi wowote: afungue bakuli, asafishe chujio, atie oili inayofaa, aimwage mapema kuliko kawaida, arudie tena mpaka itoke safi. Ni kazi ya polepole. Wengi hawaipendi kwa sababu hiyo.

Injini yako tuliifungua yote. Vyuma vilivyolika tumebadilisha, vilivyosalimika tumeosha kimoja kimoja kwa mkono. Ukiiwasha leo utalazimika kuinama ili uisikie.

MAOMBI

Paa letu linavuja upande wa mashine ya kuchomelea, na tunahitaji pipa la kuhifadhia oili chafu isimwagike mtaroni. Haya ni ya kawaida, na yanaweza kusubiri.

Tunaomba pia, kwa heshima zote, siku ya kumwaga oili ya gari hili iandikwe kwenye ubao uleule mnaoandikia zamu za wauguzi, ili nayo isiwe rahisi kusogezwa.

Ombi la mwisho ni hili.

Kesho yake baada ya gari kuvutwa hapa, Taratibu aliingia uwanjani. Mzee Kimya hakumpa hata salamu.

"Umeinywesha nini hii?"

"Ya taa."

"Kiasi gani?"

"Lita nzima."

"Ungekunywa wewe, tungejua pa kukupeleka."

Sisi tulicheka. Yeye hakucheka. Aliomba tambara, akachuchumaa kwenye beseni, akaanza kuosha vyuma. Akarudi siku iliyofuata, na iliyofuata tena. Hatukumwita, naye hakuomba ujira. Chujio lile lilipotolewa limeziba kama koo, alilipigilia ukutani yeye mwenyewe. Kwenye kibao akaandika: Mafuta ya taa. Chini yake akaongeza: Dereva, Taratibu. Tulimwambia si lazima. Akasema kibao kisicho na mtu hakimsaidii mtu.

Ndicho kibao pekee chenye jina, mgeni rasmi, na kila Jumamosi yeye husimama chini yake. Tumemsikia akimwambia dereva wa teksi, "Mimi nililipenda gari kuliko wewe unavyolipenda lako, na bado niliua injini. Hebu nipe hicho kidumu." Vidumu alivyokabidhiwa ndivyo hivyo vilivyopangwa chini ya ukuta. Mafuta yake sasa tunaoshea spana. Hata shemeji alikuja na baiskeli yake, akasoma kibao, akaondoka bila kutoa ushauri, na mkewe Taratibu anasema haijapata kutokea.

Funguo ziko mezani mbele yako, juu ya kitambaa. Ratiba inasema utazipokea, kisha utazikabidhi kwa dereva. Haikusema dereva yupi, nasi hatukuthubutu kuuliza.

Yeye hakujua kwamba tungesoma sehemu hii. Sasa hivi yuko nyuma ya gari, anafuta kioo ambacho amekifuta tangu asubuhi. Tunachoomba ni umtendee kama unavyowatendea wale wagonjwa wako. Alichonywesha ameshasema. Kufundishwa, amefundishwa, na sasa anafundisha. Kama jibu lako ni hapana, tutalipokea, na shukrani zetu zitabaki vilevile. Kama ni ndiyo, usijisumbue kusimama wala kutoa hotuba. Zitikise tu hizo funguo. Ana masikio mazuri, atasikia.

Mwenyezi Mungu aipe nguvu mikono yako na ya wauguzi wako, awape nafuu wote waliolala wodini, ampe Godoro maisha marefu, na gari hili lirudi salama popote litakapotumwa.

Ni sisi majirani zako wenye shukrani,

Umoja wa Mafundi Spana Moja